Ukuta Usioshika Chuma

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana barua huchukua siku kumi kufika na mimi sina subira hiyo. Mkeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu, meno ya mbele yameota au bado anacheka mapengo? Mwambie bibi yake naye anaelekea huko huko. Mama wa dukani anakusalimu. Amenunua friji mpya, na kila anayekwenda kununua chumvi lazima kwanza aoneshwe barafu. Paka yupo, kazi hafanyi.

Sasa nikupe habari yenyewe, na ukishaisoma usinipigie simu. Kwenye simu nasikia nusu, hiyo nusu nyingine naijaza mwenyewe, tunaishia kugombana. Andika.

Jumanne nimeteleza bafuni. Sikuanguka, ondoa wasiwasi. Nilikuwa natoka kuoga, mguu mmoja nje ya ule ukingo wa kuzuia maji na mwingine bado ndani, mara nikaona dari linanigeukia. Nikadaka ile reli ya taulo. Ilipinda, lakini ilinishika mpaka nikakaa chini polepole kama mgeni aliyekaribishwa. Nikabaki pale, reli mkononi, siamini. Mimi? Miguu hii hii iliyokanyaga cherehani miaka arobaini? Nilishtuka mpaka nikaanza kucheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikavaa. Mpaka leo nikifika mlangoni pa bafu nashika fremu kwanza.

Kwa hiyo nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua chuma cha kushikia, kile kirefu kinachofungwa ukutani kwa ncha zote mbili, kama vya hospitalini. Kizito, kinang'aa, nimekiweka juu ya kabati la vitambaa. Nataka kifungwe kwenye ule ukuta wa vigae vya bluu, mkono wa kulia ukitoka kuoga, kwa sababu ndiko mkono unakokimbilia wenyewe. Na sitaki fundi mwingine. Bafu hili umelijenga wewe, na kwa miaka tisa hakuna mgeni aliyeingia nyumba hii nisimpeleke kuliona, hata kama hana haja nalo. Likizo yako lini?

Ningekuwa na mtu ndani ya nyumba nisingekusumbua. Lakini unajua mwenyewe, tangu nimtoe yule mwizi, Pindo, sijataka mwanamke mwingine aguse mkasi wangu. Miaka kumi na minane tumeshona naye chumba kimoja, tumelala chini ya dari moja, mwisho akaniibia kitambaa cha sare za watoto wa watu. Basi nakaa peke yangu, na mlango nafunga komeo.

Ni mimi shangazi yako, mwenye miguu miwili bado.


Tarehe 21 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, lakini acha nikuamkie vizuri. Mkweo mzima, anakusalimu sana. Meno yameota mawili, moja limekaa pembeni kama linataka kutoroka. Mimi sijambo, vumbi tu.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye ndoo ya rangi. Nimeogopa, shangazi. Nasema wazi.

Hapa tunamalizia nyumba ya kutunzia wazee, ghorofa mbili, vyumba arobaini, na kazi yangu ni hiyo hiyo unayoitaka wewe: vyuma vya kushikia. Kila chumba vinne. Kando ya choo kimoja kila upande, pa kuogea viwili. Msimamizi wetu tumempa jina Bwana Jiachie. Ukimaliza kufunga chuma, yeye hakiangalii. Anakuambia ukishike kwa mikono miwili, ukunje magoti, ujiachie nyuma kwa uzito wako wote, na yeye anahesabu mpaka ishirini. Kisipotikisika, anaandika namba ya chumba. Kikitikisika hata kidogo, kinang'olewa. Anasema mzee hakishiki chuma kwa adabu. Anakishika siku anayoanguka, na siku hiyo anakipa uzito wake na woga wake kwa pamoja.

Kwa hiyo nisikilize. Reli ya taulo usiishike tena, skrubu zake ni za kubeba taulo, si za kubeba mtu. Tandika mkeka wa mpira. Oga umekaa kwenye kiti cha plastiki. Komeo usifunge, mtu akihitaji kuingia ataingiaje? Jipime kutoka sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mkono, ukiwa umesimama wima na mikono imelegea, uniandikie. Chuma hukaa hapo.

Na ule ukuta wa vigae vya bluu asiuguse fundi yeyote. Nasema yeyote. Nitakuja mwenyewe Aprili.

Hayo mengine uliyoandika, ya zamani, sina la kusema.

Mpwa wako, mwenye vumbi mpaka masikioni.


Tarehe 12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima. Friji ya mama wa dukani imeharibika na sasa mtaa mzima tunakula samaki kwa lazima. Harusi ya binti wa jirani imewahishwa, kwa hiyo magauni sita yamenilalia mezani. Mtu wa kunishikia pindo sina.

Nimejipima. Nimepima watu maisha yangu yote, viuno vya maharusi na mabega ya mahakimu, lakini kujipima kimo cha kuangukia sijawahi. Ni inchi thelathini na mbili. Nilipoisoma futi yangu ya kupimia nguo nikashangaa, maana kwenye karatasi zangu za zamani kifundo hicho kilikuwa thelathini na tatu na nusu. Inchi moja na nusu imekwenda wapi, na imeondoka lini bila kuniaga?

Lakini mwanangu, barua yako imenishtua kuliko hilo. Asiuguse mtu, asiuguse mtu. Umeniandikia kama askari. Fundi wa madirisha hapa jirani anasema ni kazi ya nusu saa, na ana drili yake. Nimemkatalia kwa heshima yako, lakini juzi nimeteleza tena, safari hii mlangoni. Sasa naoga siku moja na kuruka moja, na hilo sikutaka kulisema kwa mtu.

Ukuta ule una nini? Mimi nakumbuka siku niliporudi safari. Niliugonga kwa subana, hiki kikofia changu cha kidoleni, ukaitika kwa sauti nzito, nikawaambia wanawake wote waliokuwapo: huyu ndiye fundi. Wewe ulikuwa umeinamia kikombe cha chai. Nikadhani unaona haya.

Aprili tarehe ngapi?

Shangazi yako aliyefupishwa.


Tarehe 30 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto amepata alama nzuri shuleni, isipokuwa ya tabia.

Naandika kwa aibu. Likizo imesogezwa mpaka Julai, kwa sababu wazee wameanza kuhamia kabla ya kazi kwisha. Nimeomba, nimekataliwa.

Jana ameingia wa kwanza, mwalimu mstaafu, mrefu, kofia kichwani. Nilikuwa nafuta vumbi chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye chuma cha pembeni ya choo, akakishika, akaketi, akasimama, akaketi tena. Hakuniuliza kama ni imara. Hakuangalia hata bolti. Alikiamini tu, kwa sababu kiko ukutani. Nilitoka nje nikaegemea gari la mchanga mpaka waliponiita.

Tafadhali, chuma chako kifungwe upande wa dirishani. Huo ni ukuta wa zamani, wa matofali mazito, utashika. Ule wa vigae vya bluu una mabomba ndani, fundi akitoboa atakuharibia maji ya nyumba nzima.

Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii, ndefu zaidi. Nimeichana.

Mpwa wako.


Tarehe 24 Aprili

Mpwa wangu,

Mwandiko usikushangaze, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika kifundoni na umefungwa plasta mpaka kiwiko. Plasta yenyewe imara kuliko ile ya ukuta wako. Mama wa dukani hajambo. Paka hajambo. Sasa soma.

Mabomba ya bafu hili yanapita upande wa dirishani. Nayajua, yananguruma masikioni mwangu kila asubuhi kwa miaka tisa. Nilipoona umenidanganya nikaudhika, nikamwita fundi wa madirisha. Alipotoboa tundu la kwanza alinigeukia akasema, mama, drili inaingia kirahisi mno, huku nyuma kuna nini? Nikamwambia ukuta huu kaujenga mpwa wangu, wewe toboa. Akafunga chuma, akakitikisa kwa mkono mmoja, akaenda zake. Hakujiachia. Nami sikumwambia ajiachie.

Siku ya tatu, asubuhi baada ya chai, nilitoka kuoga, nikakishika, nikaegemea. Kikaja. Kikaja na vigae, kikaja na plasta, na mimi nikaja navyo. Sikupiga hata kelele, nilishangaa mno. Nakumbuka kwamba nilifika sakafuni bado nimekishika. Ningekiachia labda ningejikinga, lakini vidole vilikataa kuamini.

Nililala pale tangu saa mbili mpaka karibu saa saba mchana. Nyonga ilikataa, mkono ulikataa, maji yanatiririka. Niliita mpaka koo likakauka. Aliyenisikia ni msoma mita za maji, na aliweza kuingia kwa sababu sikufunga komeo, kama ulivyoniambia. Kwa hilo nakushukuru. Ni hilo tu.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mkono. Nilivyolala, tundu la ukuta lilikuwa mbele ya uso wangu. Nyuma ya vigae hakuna tofali. Kuna ubao. Ubao umepasuka, na kwenye ufa kitambaa kilikuwa kinachungulia. Kijani, mistari myembamba ya njano. Nilikivuta kwa mkono mzima, kikaja, kikaendelea kuja. Mikono ya mashati ya watoto, imekatwa kwa mkasi wangu, na chaki yangu bado inasomeka. Kwa muda wa saa tano nimelala na vitambaa hivyo kifuani, mwili umekufa ganzi, na baridi ya sakafu haikuwa sababu.

Nina swali moja, nataka jibu moja. Sare zile zilifikaje ndani ya ukuta wangu?


Tarehe 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Habari za huku sina za kukupa leo.

Barua yako imenikuta kazini, nimejiachia kwenye chuma cha chumba cha thelathini na moja. Nilipoisoma nikakaa sakafuni chini ya chuma hicho hicho. Bwana Jiachie alikuja mbio akidhani kimeng'oka.

Nitakueleza yote, na safari hii sichani.

Ulipokwenda kumuuguza dada yako, uliniachia kazi ya kuziba ule mlango wa zamani wa stoo ili bafu lipate ukuta kamili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila mtu wa kunisimamia. Niliupandisha ukuta haraka haraka, bila timazi. Nikaona kamba na kipande cha chuma cha nini, macho yanatosha. Ukaegemea upande mmoja. Nilipojaribu kuunyoosha ukalala wote, na matofali yakavunjika. Kesho yake ulikuwa unarudi, na wanawake wa mtaa ulikuwa umeshawaalika waje kuona bafu. Nikachanganyikiwa. Nikaziba uwazi kwa ubao mbele na ubao nyuma, juu yake wavu, plasta, vigae. Katikati pakabaki pengo.

Nilijua utagonga kwa subana. Wewe hugonga kila kitu, hata tikiti maji. Nikaingia chumba cha kushonea, nikachukua viroba viwili vya pembeni, nikavishindilia humo ili ukuta usilie mtupu. Nilidhani vyote ni mabaki. Kimoja kilikuwa mabaki kweli.

Bi Pindo alinikuta nakokota cha pili. Akaniuliza. Nikamwambia shangazi ameniagiza nikatupe, akanipisha njia.

Ulirudi, ukagonga, ukanisifu, ukaenda kutafuta sare. Nakumbuka kila neno. Ulimuuliza mbele ya wanawake wale wote. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Muulize kijana wako." Ukamwambia, "Mtoto niliyemlea usimpake matope." Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, shangazi, alikuwa ananingoja mimi. Na mimi nikaangalia chai.

Nilijiambia mtagombana mtapatana, nitasema kesho. Jioni alikuwa ameshafunga mzigo wake. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miaka tisa. Kazi hii ya vyuma niliiomba mwenyewe. Nimejiachia kwenye vyuma zaidi ya mia, na kila kimoja kilinikumbusha ukuta wako. Hata hivyo, nilipopokea barua yako ya Februari nikaona bora wewe uogope bafu lako miezi mizima kuliko mimi nione aibu siku moja. Hilo ndilo linalonitisha sasa. Sikujua mimi ni mtu wa namna hiyo.

Niambie nifanye nini.


Tarehe 16 Juni

Mpwa wangu,

Umengoja barua hii wiki sita. Nilianza nyingi. Mkono wa kushoto uliandika maneno ambayo wa kulia usingethubutu, nikaziacha.

Plasta imetolewa. Vidole viwili havijarudi. Mkasi naushika, lakini hauendi ninakotaka.

Sasa nikuambie lililonishtua kuliko ukuta na kuliko kitambaa. Alisema nikuulize wewe. Ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwangu. Ningegeuza shingo tu. Na unajua kwa nini sikugeuza? Kwa sababu nilikuwa nimeshakuona. Niliona kikombe kinavyogongana na kisahani. Sikujua umefanya nini, ila nilijua kuna kitu, na nikachagua kutokujua. Nilimtoa mtu niliyeshona naye miaka kumi na minane ili nisilazimike kukuuliza swali moja. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, ingawa ningependa.

Nimekwenda kumtafuta. Anakaa kwa mdogo wake, safari ya nusu siku, na kazi yake ni kupiga pasi kwa dobi. Nilimuuliza kwa nini hashoni. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yana majimaji. Akasema, nani atampa mwizi kitambaa?

Hakunikaribisha kiti. Nilimpa vile vitambaa. Alivinusa, akaikunjua mikono ya mashati mmoja mmoja juu ya meza ya pasi, akahesabu. Hamsini na miwili. Kisha akakunja tena yote vizuri, kwa mpangilio ule ule wetu wa zamani, chaki ndani. Mimi nilisimama na mkono wangu mbovu nikilia kama mtoto. Yeye hakulia. Nilimwomba arudi. Alisema hivi, na nakuandikia alivyosema:

"Uliniita mwizi mbele ya wanawake kumi na moja. Wawili wameshakufa wanaamini hivyo. Usizibe ukuta. Waite hao tisa waliobaki, na kijana aufungue kwa mkono wake mwenyewe, mdomo wake ukisema."

Basi tundu liko wazi. Nimerudisha vitambaa ndani, vilipokuwa. Naoga kwenye beseni chumbani, nimekaa, na nikitaka kusimama nashika kitanda. Kitanda kina magurudumu, nadhani unaelewa. Chagua siku.

Shangazi yako.


Tarehe 29 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi tarehe 12 Julai. Waite.

Nimemweleza mkweo. Hajasema nami siku ya tatu leo, ila amenipigia pasi shati la safari. Nimemweleza na Bwana Jiachie, maana nilihitaji ruhusa. Nilitegemea matusi. Aliniuliza tu kama nina timazi. Nilipomwonyesha yangu akasema uzi umechakaa, akanipa ya kwake.

Sogeza kitanda ukutani, weka matofali kwenye magurudumu, mawili mbele na mawili nyuma. Leo hii.

Mpwa wako.


Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkeo ameanza kuongea? Mtoto nimemshonea gauni, lakini mshono wa kushoto umekwenda upande. Mwambie ndiyo mtindo. Mama wa dukani amenunua friji nyingine, tumekwisha.

Uliondoka hapa kichwa chini, bila kumuaga mtu. Nadhani unajiona umefanya kazi ukashindwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, acha nikuambie nilichokiona.

Wanawake walijipanga kwenye korido. Ulipopiga nyundo ya kwanza wote walinyoosha shingo. Ulipotoa kiroba cha pili, mama wa dukani alijishika kichwa kwa mikono yote miwili na hajakaa sawa mpaka leo. Ulisema maneno yako, na yule bibi wa nyumba ya kona, ambaye hasikii, akakuambia urudie. Ukarudia. Akakuambia tena. Mara tatu, mwanangu. Nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Pindo alikuwa mlangoni, nje ya kizingiti, na mkoba wake begani. Ile mara ya tatu niliona bega limeshuka. Kisha akageuka akaenda zake, hakumngoja mtu, na mimi nikajua basi, ndiyo mwisho wake. Nilisema nami mbele yao kwamba nilikiona kile kikombe. Wakati huo ulikuwa tayari umeinama kwenye matofali, sijui kama ulilisikia.

Ukuta umeujenga, timazi imening'inia siku nzima hata paka akachoka kuichezea. Ukaacha saruji ikauke, ukafunga chuma, ukajiachia, nami nikahesabu mpaka ishirini. Tangu siku hiyo naoga kila siku. Nakishika hata nisipokihitaji. Siku za mwanzo nilikuwa nafumba macho kabla ya kukishika.

Sasa sikia. Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa nahangaika na mkasi. Mlango ukafunguliwa, maana komeo sifungi tena. Pindo. Hakusema hodi wala hakunisalimu. Akapita mbele yangu na mkoba wake kama mtu aliyetoka sokoni, akaenda moja kwa moja bafuni. Nikamsikia anahesabu. Nikamfuata nimeshika ukuta, nikafika mlangoni nikaganda hapo hapo.

Pindo, mwenye miaka sitini na minne, alikuwa amekishika chuma kwa mikono miwili, magoti amekunja, mwili wote ameuachia nyuma, kanga imemtoka kichwani, uso umefura. Kumi na saba. Kumi na nane. Ishirini. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akapiga ule ukuta kwa kiganja, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Akasema, "Kimeshika. Lakini kwangu kiko juu."

Sikuelewa. Nikadhani analalamikia kazi yako. Akaniambia nisisimame kama nguzo, nikalete futi.

Hajasema amekusamehe, na mimi hajaniambia, na sijamuuliza. Cherehani ya pili ameivua kitambaa, ameipaka mafuta, na siku nzima alinung'unika kwamba nimeiachia kutu. Ukataji anafanya yeye, mimi napiga chaki. Mkoba wake uko chumba kile kile alicholala zamani.

Kwa hiyo likizo ijayo uje na chuma cha pili, na timazi ya huyo bwana. Vipimo nimechukua mwenyewe, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalikuwa na maji. Kutoka sakafuni mpaka kifundo cha mkono, inchi ishirini na nane.